Weka nyundo chini kwanza

Kuna hii kasumba yetu ya kusema eti fundi wa kweli hahitaji vifaa, anahitaji nyundo na roho ngumu tu. Niliiamini mpaka ikakaribia kunimalizia baiskeli ya guka.

Ni Black Mamba, ile ya chuma kizito. Guka aliibebea maziwa hapa Runyenjes miaka mingi, na alipotuacha, cucu akaniambia niichukue, bora isiende kwa skrapu. Pedeli zilikuwa zinacheza na kulia. Kikombe cha gololi cha upande wa kushoto kilifunguka bila maneno. Cha kulia kikakataa kabisa. Nikakipiga patasi wikendi nzima, kingo zikaanza kulika. Jirani akasema nichomelee tu hapo, maisha yaendelee.

Sasa skizeni. Muda huo wote nilikuwa nakikaza! Kikombe cha kulia cha hizi baiskeli kina uzi wa kinyume, yaani unakifungua kwa kuzungusha jinsi mshale wa saa unavyoenda. Kiliundwa hivyo ili mtu akikanyaga pedeli kisijilegeze chenyewe. Kila nyundo yangu ilikuwa inamsaidia adui.

Nikapakia fremu kwa matatu, Chuka, Nkubu, hadi Meru, kwa mzee mmoja wa pale Makutano. (Fremu ililipa nauli kama abiria. Hiyo ni post ya siku ingine.) Mzee hakugusa nyundo. Alisugua kutu kwa brashi ya waya, akamwagia mafuta, akaniambia, "Kijana, rudi kesho."

Kesho yake akatoa spana nyembamba inayokaa sawasawa kwenye zile bapa mbili za kikombe. Akapitisha bolti ndefu katikati ya fremu, washa kubwa huku na huku, akakaza nati hadi spana ikakosa pa kuteleza. Mwisho akavalisha mkono wa spana bomba la maji, karibu mita moja.

"Haya, sukuma. Huko kwingine, sio huko."

Kililia mara moja, paa! Kikalegea. Dakika tano hazikuisha. Nilitaka kucheka, nikaona aibu, maana alama za patasi yangu zilikuwa pale pale anaziangalia.

Baiskeli inatembea sasa. Nilitaka kuipaka rangi mpya, cucu amekataa.