Mkanda Usiofika Mwisho

Kila ninapoiweka picha ile, mke wangu hupita sebuleni, akasimama kidogo, kisha akauliza: "Baba watoto, unaitazama tena? Kwani mwisho wake bado hujaujua?" Mimi hucheka tu. Lakini swali lake ni la haki, na mtu anayeulizwa swali la haki mara nyingi hivyo hana budi siku moja kukaa chini akalitafutia jibu.

Picha yenyewe ni The Godfather, iliyotoka mwaka 1972, ikaongozwa na Francis Ford Coppola kutokana na riwaya ya Mario Puzo ya mwaka 1969. Ni habari za ukoo wa majambazi wa Kiitalia huko New York: Mzee Corleone, watoto wake, maadui zake, na jinsi mwana mmoja, Michael, ambaye mwanzoni hataki kabisa kujihusisha na kazi ya baba yake, anavyoishia kuketi katika kiti cha baba yake. Nimeitazama mara nyingi mno kuweza kuhesabu. Najua nani atakufa, wapi, na kwa mkono wa nani. Hata hivyo naitazama.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1993, nikiwa kijana wa sekondari. Sisi ni watu wa Nyanungu, kule Tarime ambako vilima vinapakana na Kenya kwa upande mmoja na Hifadhi ya Serengeti kwa upande mwingine. Vijana wa leo huenda wasiamini, lakini wakati huo Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Vituo vya kwanza vilianza mwaka 1994, ingawa wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970. Kwetu, basi, video ilitangulia. Huko Nyamongo, palipokuwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu wenye fedha za kutumia, kulikuwa na kibanda cha mabati, jenereta nje, televisheni moja juu ya meza, na mabenchi ya mbao. Mimi na kaka yangu tulikwenda huko kila tulipopata kisingizio.

Kando ya televisheni alisimama kijana mmoja aliyetufasiria. Baadaye walitokea wafasiri waliojulikana nchi nzima, kama Lufufu, ambao sauti zao zilirekodiwa ndani ya mikanda yenyewe. Huyu wetu alifasiri kwa mdomo, papo hapo, na pale Kiingereza kilipomshinda alitunga yake. Alipofika kwenye neno la familia alisema "ukoo". Mabwana wakubwa walipokutana mezani alisema ni "wazee wa mila wamekaa". Kwa hiyo hatukuona Waitalia. Tuliona watu tunaowafahamu, ila wamevaa kofia.

Lazima nieleze hali ya kwetu ilivyokuwa, maana bila hayo msomaji hataelewa kwa nini picha hii ilituingia hivyo. Wizi wa ng'ombe kwa Wakurya ni wa tangu zamani. Wazee wanasimulia vijana waliokwenda kwa mikuki na mishale kuchukua mifugo ya koo nyingine, na mahari kubwa ya ng'ombe haikuwapa vijana njia nyingi za kuoa. Lakini baada ya vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979 bunduki zilienea. Watu wengi wa kwetu walikuwa wanajeshi. Walirudi na ujuzi, na silaha nazo zikapata njia zake. Wizi ukawa biashara. Ng'ombe aliyeibwa usiku alivuka mpaka, akawa nyama kwenye bucha la mbali kabla mwenyewe hajamaliza kufuata nyayo. Wakatokea wakubwa, watu waliokuwa na bunduki, vijana, na marafiki mahali panapofaa. Kila mtu aliwajua, na hakuna aliyewataja kwa sauti.

Ndani ya kibanda kile kila kijana alikuwa na steringi wake. Kaka yangu alimpenda Michael. Alipenda hasa pale anapoingia hotelini na kuketi na maadui wawili wa baba yake, mmoja wao akiwa ofisa wa polisi. Anakwenda msalani, anachukua bastola iliyofichwa, anarudi mezani, anawamaliza wote wawili na kutoka. Kibanda kizima kilisimama kwa shangwe. Na hapo, msomaji, muda mfupi baada ya shangwe hiyo, mkanda wetu ulikatika. Ulikuwa wa kunakili, na aliyeunakili hakuumaliza. Picha ni ya karibu saa tatu. Sisi tuliona nusu yake. Michael anakimbilia Sicily, kioo kinajaa chenga, jenereta linazimwa, tunarudi nyumbani tukiwa na ushindi mikononi.

Katika mwaka uliofuata, ng'ombe tisa wa baba yangu waliibwa usiku mmoja. Baba alikwenda kutoa taarifa. Aliandikisha, akaambiwa asubiri. Alirudi tena, akaambiwa gari halina mafuta. Alikwenda mara ya tatu na ya nne, akawa anarudi jioni akiwa kimya, anakaa nje ya zizi tupu. Kaka yangu alimtazama kwa wiki mbili hivi. Kisha, bila kumwambia baba, akaenda kwa mkubwa mmoja wa upande ule.

Ng'ombe sita walirudi. Waliletwa alfajiri na vijana wawili ambao hawakukubali hata chai. Baba aliwahesabu, akafunga zizi, hakuuliza neno. Mama hakuuliza. Na mimi sikuuliza, ingawa sababu yangu ilikuwa mbaya kuliko zao: mmoja wa ng'ombe hao aliuzwa mnadani ili nilipiwe ada.

Hakuna aliyedai fedha. Ilipita miezi mitatu au minne, ndipo mkubwa yule akatuma mtu kumwita kaka. Alihitaji kijana wa kusaidia kazi ya usiku mmoja. Baada ya usiku huo ukaja mwingine. Mama alimuuliza mara moja tu, nakumbuka, akiwa anampakulia ugali: "Ulikuwa wapi, mwanangu?" Akajibu, "Harusini." Mama akaweka sahani mezani akaenda jikoni. Mwaka 1995 wenye mifugo walipiga yowe, wakafuata nyayo, wakawafikia korongoni kabla ya mpaka. Tulimzika siku iliyofuata.

Nilikuja kuiona picha nzima mwaka 1998, huko Mwanza, nyumbani kwa rafiki. Kwa mara ya kwanza nilimwona Sonny, kaka yake Michael, akiviziwa barabarani kwenye kituo cha kulipia ushuru na kumiminiwa risasi. Nilimwona Michael amerudi, amekuwa mkubwa, maadui zake wote wameuawa. Mkewe Kay anamuuliza kama ni kweli alimwua shemeji yake. Anamjibu hapana, akimtazama usoni. Kisha watu wanaingia kumbusu mkono, na mlango unafungwa polepole, Kay akibaki upande wa nje. Nilikumbuka sahani ya ugali. Nilitoka barazani nikalia, rafiki yangu akadhani naumwa.

Usiku ule niliamini nimegundua jambo: laiti mkanda wa Nyamongo ungefika mwisho, kaka yangu angekuwa hai. Sikujua kwamba wazo hilo ni la zamani kuliko mimi. Picha za majambazi za Marekani zilipoanza kuvuma, kama Little Caesar na The Public Enemy za mwaka 1931, wakubwa wa maadili waliogopa kwamba vijana wangewaiga. Scarface ya mwaka 1932, iliyofuata nyendo za Al Capone, ilitengenezewa hata mwisho mwingine, jambazi akihukumiwa na kunyongwa, ili watu waridhike. Kanuni za Hollywood zilizosimamiwa kwa ukali tangu mwaka 1934 zilitaka uhalifu usionekane kamwe kuwa na faida. Yaani walifikiri kama nilivyofikiri mimi: kwamba mwisho ndio unaofundisha.

Sasa nimezeeka kidogo, na siamini hivyo tena. Kaka yangu alijua mwisho. Tulikuwa tumekwenda mazikoni mara nyingi, tukabeba vijana wa rika lake. Hakuhitaji mkanda wa kumwambia kwamba mwizi wa ng'ombe hufa korongoni. Hakuna kijana wa Nyanungu wa miaka ile aliyehitaji kuambiwa.

Jambo nililolikosa kibandani silo la mwisho. Ni la mwanzo. Picha hii huanza gizani, katika chumba cha Mzee Corleone, siku ya harusi ya binti yake. Mbele yake yuko mtu mmoja, Bonasera, mwenye kazi ya kuandaa maiti kwa mazishi. Binti yake amepigwa na vijana wawili mpaka akaharibika uso. Amekwenda mahakamani kama raia mwema, na hakimu akawaachia vijana wale waende zao na kifungo kisichotumikiwa. Ndipo amekuja kwa Mzee kuomba haki. Mzee anamlaumu kwa kutangulia polisi badala ya kuja kwake kama rafiki. Bonasera anainama, anambusu mkono. Anaambiwa kwamba huenda siku moja ataombwa fadhila naye.

Kibandani hatukuwahi kuiona sehemu hiyo. Mwenye video aliupeleka mkanda mbele kila mara, akisema ni wazee wanaongea tu.

Hiyo ndiyo sehemu ninayoirudia, na hilo ndilo jibu la mke wangu. Watu wengi hudhani tunaopenda picha za majambazi tunapenda bunduki. Bunduki huchosha mara ya tatu. Kinachonirudisha ni kwamba kila ninapoitazama, kiti changu kinahama. Nilipokuwa kijana nilikaa na Michael. Baada ya msiba nilikaa na Kay, nje ya mlango. Siku hizi nakaa na Bonasera, baba mwenye uchungu wa kweli na madai ya haki kabisa, ambaye amebisha hodi kwenye mlango halali na haukufunguliwa. Naomba kila mara asiiname. Na kila mara naelewa kwa nini anainama.

Hapo pia ndipo ninapoilaumu picha ninayoipenda. Deni la Bonasera, siku linapodaiwa, ni jepesi: Mzee anamletea maiti ya Sonny amwandae vizuri, ili mama yake asimwone alivyoharibiwa. Ni kazi yake ya halali ya kila siku. Maishani nilikoishi mimi, wakubwa hawakudai kazi ya halali. Kwetu deni la usiku lililipwa kwa usiku. Mwenye kutunga hadithi alikuwa na huruma ambayo mkubwa yule hakuwa nayo.

Na iko sehemu nyingine ya mwanzo huo ambayo nilichukua miaka kuiona. Wakati Bonasera anainama chumbani, nje kuna muziki. Watu wanacheza, wanakula, watoto wanakimbia. Wageni wale hawajamdhuru mtu. Wanakula tu keki ya harusi. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikula ada ya ng'ombe yule, nikafaulu mitihani, nikapata kazi, nikanunua televisheni.

Sisemi kwamba hapakuwa na njia nyingine. Katika miaka hiyo hiyo ya 1990 sungusungu, lililokuwa limeanzia kwa Wasukuma mwanzoni mwa miaka ya 1980, liliingia kwetu. Wanakijiji walikutana katika iritongo, mkutano wa wote, wakawataja wezi mbele ya watu, wakafuata nyayo kwa pamoja. Lilikuwa na makosa yake na ukali wake. Lakini jambo lililokuwa likifanywa gizani na mtu mmoja mwenye uchungu lilianza kufanywa hadharani na watu wengi, na wizi ukapungua. Kwa kaka yangu lilichelewa kidogo tu.

Aliacha mtoto wa kiume, ambaye kwa desturi yetu ni mwanangu, na ananiita baba. Sasa ni mtu mzima mwenye nyumba yake. Mwaka jana alikuja likizo tukaitazama pamoja, mara yake ya kwanza. Kama vijana wote alishika rimoti pale mwanzoni, akitaka kupeleka mbele.

"Baba, hawa si wanaongea tu?"

"Acha, mura," nikamwambia. "Picha yenyewe ni hapo."

Akaiacha. Bonasera alipomaliza kuinama, akanigeukia akauliza kwa nini mtu yule hakurudi tena kwa hakimu. Nikasimamisha picha. Nikamweleza habari za ng'ombe tisa, na sita waliorudi, na mmoja aliyeuzwa. Alikuwa hajawahi kusimuliwa. Mke wangu alikuja akasimama mlangoni akasikiliza, na safari hiyo hakuuliza kama bado sijaujua mwisho.