Krismasi kwa Watu

Kila Desemba, kuanzia tarehe 20 hivi, Dar es Salaam hupungua. Foleni inalegea, duka la Mangi mtaani linafungwa, na utani unaanza: Wachaga wamekwenda kuhesabiwa. Pale stendi ya Mbezi tiketi za Moshi zimekwisha siku nyingi, na watu wamekaa juu ya magunia ya mchele na madumu ya mafuta wakisubiri basi la ziada. Hata treni ya abiria ya Dar hadi Moshi, iliyokuwa imesimama kwa zaidi ya miaka 20, ilirudi Desemba 2019, na mwezi wenyewe haukumshangaza mtu.

Safari hii tumezoea kuiita kurudi nyumbani. Ni kweli, kwa mtoto wa kiume. Mimi nimeolewa Marangu, lakini kwetu ni Muheza. Ukitoka Dar, barabara ni ile ile moja mpaka Segera. Pale inagawanyika: kulia Muheza na Tanga, kushoto Korogwe, Same na Moshi. Kutoka njia panda hiyo mpaka mlangoni kwa mama yangu haifiki saa moja. Miaka minane basi letu limekata kushoto.

Sisemi haya kwa sababu Marangu wananitesa. Wananipenda jamani. Asubuhi kuna baridi ya mlima, moshi wa kuni, na wazee wanaokusalimia kwa Kichaga huku wakijua kabisa utajibu kwa Kiswahili. Kuna mbege ndani ya kata inayozunguka mkono kwa mkono. Mbuzi anachinjwa kule migombani, na kila kipande cha nyama kina mwenyewe, hakigawiwi hovyo. Desemba ndiyo wakati wa ubatizo, kipaimara na harusi, maana ndipo ukoo wote unapatikana. Makaburi yanafyekwa. Kikao kinakaa, na hapo ndipo panaposemwa nani atajenga wapi na mpaka wa nani umesogezwa.

Yote hayo yanatokana na kihamba, ile ardhi ya migomba na kahawa ambayo baba humwachia mwana. Mababu wamezikwa humo humo, hatua chache kutoka jikoni. Anayetaka kuhesabika kwenye kihamba lazima aonekane, na Desemba ndiyo mwezi wa kuonekana.

Sasa ingia jikoni uone nani yuko huko. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mke wa ukoo hapewi hizo mbili, anashuka kwenye gari na kukabidhiwa kisu cha ndizi. Mwaka jana tulikuwa wanne tunamenya mshare za machalari: mmoja wa Bukoba, mmoja wa Mbeya, mmoja wa Iringa na mimi. Mikono imeganda utomvu mweusi, tunacheka, tunasemana. Hakuna hata mmoja aliyekuwa kwao. Wifi zetu, mabinti waliozaliwa katika nyumba ile, nao hawakuwepo. Walikuwa ukweni, wanamenya za watu wengine, wangefika tarehe 27. Nikajiuliza, hivi hii sikukuu ya kurudi nyumbani inapikwa na nani? Inapikwa na watu ambao hawajarudi kwao.

Nilitoka nje nikampigia mama. Tangu baba afariki yuko peke yake. Aliniambia amepika pilau, amewapelekea majirani sahani, kama wao wanavyomletea siku ya Idi. Nikamuuliza yeye amekula na nani. Akasema, "Mimi nipo nipo tu mwanangu. Wasalimie wakwe."

Hiyo "nipo nipo tu" nilirudi nayo jikoni. Mama mkwe akaniangalia usoni, akavuta kigoda, akachukua kisu na kuanza kumenya pamoja nami. Hakuuliza kitu. Baada ya ndizi kama kumi hivi akasema, "Mimi kwetu ni Mamba, hapo tu ng'ambo ya mto. Tangu niolewe nimekula Krismasi kwa mama yangu mara moja."

"Mwaka gani, mama?"

"Mwaka tuliomzika."

Akaendelea kumenya. Mamba unaweza kwenda kwa miguu na kurudi kabla chai haijapoa. Mimi nilikuwa najiambia tatizo ni umbali, ni nauli, ni likizo fupi ya mume. Kumbe hata mto mmoja ulitosha.

Tukiwa njiani kurudi nilimwambia mume wangu Krismasi ijayo nataka tukate kulia. Hakujibu. Tukapita Mwanga, tukapita Same, nikadhani amelala. Kabla ya Mombo akauliza taratibu, "Na kikao?" Nikamwambia kikao kina simu. Akafikiri tena. "Na ndizi nani atamenya?"

Nikasema, "Kaka zako wana mikono."

Alicheka, lakini hakukubali siku ile, wala wiki ile. Hofu yake naielewa. Asiyeonekana Desemba husemwa, na anayesemwa kihamba chake huanza kumegwa pembeni kidogo kidogo. Tulizungumza mpaka Machi ndipo tukafika mahali: Marangu tutapanda Pasaka, tukae wiki nzima, na yeye apande mwenyewe kwenye kikao ikibidi.

Tiketi za Desemba nimekata mimi juzi. Nne, za basi la Tanga, tunashuka Muheza. Simu ya kumweleza mama mkwe nilipiga mwenyewe, sikumtuma mtu. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama kule kwetu ndizi zipo.

Nikamwambia zipo, ila sisi tuna machungwa.

"Basi mkija Pasaka niletee," akasema. "Na mama yako umsalimie. Mwambie sasa zamu yake."