Shangazi alihitaji damu, sisi tukamletea pesa

Jumanne ijayo asubuhi, Mungu akipenda, shangazi yangu ataingizwa katika chumba cha upasuaji hapa Mombasa akatwe titi la kushoto. Nimeliandika jambo hilo waziwazi kwa sababu ilituchukua sisi jamaa zake muda mrefu mno kuweza kulitamka mbele za watu.

Shangazi ndiye aliyenilea tangu baba yangu afariki nikiwa darasa la tatu. Karo yangu yote ya sekondari ilitokana na kabeji. Usicheke, ndugu yangu. Alikuwa akinunua kabeji, karoti na nyanya kutoka kwa wakulima wa kwetu Wundanyi, anazipakia kwenye lori jioni, analala humo humo juu ya magunia, na kunapopambazuka yuko sokoni Kongowea anauza. Amefanya hivyo kwa miaka 26. Ni mwanamke aliyezoea kutoa, na mtu wa namna hiyo kumsaidia ni kazi kubwa kuliko unavyodhani.

Uvimbe aliugundua mwenyewe akioga. Hakumwambia mtu. Alikaa nao zaidi ya mwaka mzima, akipaka dawa za majani aliyoelekezwa na jirani, mpaka siku aliposhindwa kuinua mkono kupokea gunia. Hapo ndipo nilipopigiwa simu. Daktari alitoa kinyama kwa sindano kikapelekwa maabara, na majibu yalipotoka tukaambiwa ni saratani ya matiti. Akaanzishiwa kwanza zile dawa za kemo ili uvimbe unywee kabla ya kupasuliwa.

Kuhusu bima sitasema mengi. SHA ilipochukua mahali pa NHIF mnamo Oktoba 2024, Shangazi alijiandikisha kama watu wengine, lakini hakulipa. Asiye na mshahara alitakiwa kutoa mchango wa mwaka mzima kwa mpigo, na hata kwa kiwango cha chini kabisa cha Sh300 kwa mwezi, hizo ni Sh3,600 za kutoa siku moja. Alisema atalipa mvua zikinyesha. Tulilipa sisi, lakini nauli, vipimo vingine na dawa za kununua nje ya hospitali zilibaki juu yetu.

Basi tukafungua kikundi cha WhatsApp, mimi nikafanywa mweka hazina. Shangazi alikubali kwa sharti moja: tuseme anaugua vidonda vya tumbo. Nasi tukasema hivyo. Michango ikaja kwa kusuasua, mia mbili hapa, mia tatu pale, mpaka mzee mmoja wa kanisani akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, ni vidonda gani hivi vya tumbo vinavyohitaji laki mbili?" Sikuwa na jibu. Jumamosi hiyo nilipanda matatu mpaka nyumbani.

Nilimkuta jikoni anachambua mboga kwa mkono mmoja.

"Shangazi, ruhusu tuseme ukweli."

"Unataka Kongowea nzima ijue habari za kifua changu?"

"Kongowea nzima imeona hauko sokoni mwezi wa tatu sasa. Wanasema umekimbia madeni."

Mboga zikamdondoka. Nilijua nimemchoma mahali panapouma, maana Shangazi katika maisha yake hajawahi kulala na deni la mtu akitambua. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Waambie ni saratani. Afadhali saratani kuliko deni."

Siwezi kueleza tofauti iliyoletwa na neno hilo. Kanisani walifanya harambee, amu yangu akauza mbuzi, vijana wetu wa Nairobi wakatuma kwa M-Pesa. Katika wiki tatu tulikuwa na Sh187,400, nami nikaanza kutembea kifua mbele.

Kisha muuguzi akaniita kando. Dawa za kemo zilikuwa zimeshusha damu ya Shangazi, na asingeweza kupasuliwa katika hali ile. Angeongezewa damu kwanza, na nyingine iwekwe tayari kwa siku yenyewe. Akaniomba nilete watu wanne wa kutoa. Tena alinieleza jambo ambalo huenda hata wewe msomaji hulijui: si lazima damu yako iwe ya kundi la mgonjwa wako. Yako inaingia benki ya damu, naye anapewa inayomfaa.

Niliandika habari hiyo kikundini Ijumaa jioni. Tulikuwa watu 63. Zile simu zilizokuwa zikilia usiku kucha zikawa kimya kama kaburi. Mmoja alituma picha ya mikono inayoomba. Binamu yangu, mwanamume wa miraba minne, akaandika kwamba atatoa Sh2,000 tumlipe mtu mwingine. Nikamjibu damu haiuzwi. Wengine walinipigia pembeni: eti damu ikitoka hairudi, eti mwanamume hupungukiwa nguvu. Lakini hofu yenyewe ilikuwa nyingine. Kila damu inayotolewa hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende, na watu wengi hawataki kupimwa.

Sitawahukumu. Tangazo lile niliandika mimi, na katika ile orodha ya wanaojitolea jina langu halikuwamo. Nina umri wa miaka 41 na naogopa sindano kama mtoto.

Jumapili nilikwenda Kongowea kuchukua mchango wa akina mama wa chama chake. Nikiwahesabia, nikataja shida ya damu, kwa kulalamika tu. Hamali mmoja aliyekuwa ameketi juu ya mkokoteni akauliza, "Ni yule mama wa kabeji?" Nikaitikia. Hakusema zaidi.

Jumatatu saa moja asubuhi niliwakuta sita kwenye lango la hospitali, wamevaa ndara, wananukia vitunguu. Wawili walikataliwa. Mmoja presha yake ilikuwa juu. Wa pili, kijana mwembamba ambaye kila siku hubeba magunia mazito kuliko mwili wake, hakufikisha kilo 50, na chini ya hapo hawakuruhusu. Alibishana na muuguzi mpaka akatolewa nje.

Niliona haya, msomaji. Nikavua saa, nikalala kwenye kitanda. Mfuko wenyewe ni kama mililita 450, haufiki hata chupa ya soda ya nusu lita, na kabla sijamaliza kusali muuguzi alikuwa akiniambia niinuke polepole. Nilipewa soda na biskuti. Yule binamu yangu alikuja Jumatano, bila kutangaza kikundini.

Jioni nilimhesabia Shangazi waliotoa damu. Alitaka kujua mmoja mmoja: mwenye pengo, yule wa Mariakani, yule mkubwa anayeimba. Nilipofika kwa kijana aliyekataliwa kwa uzito, akainuka kwenye mto.

"Huyo namdai? Hapana, yeye ndiye ananidai. Alinibebea gunia siku ya mwisho nikiwa sokoni, sikuwa na chenji. Mpelekee hamsini yake. Na usimwambie ni asante. Mwambie ni deni."

Nilimpelekea jana. Aliipokea, akaitia mfukoni, akaniuliza Jumanne wanaanza saa ngapi.