Pua ya Susu

Kuna ubishi ambao hauishi nyumbani kwetu, nao ni ubishi wa pua. Mama akisema kuna harufu, Baba husema hakuna. Mama akisisitiza, Baba hucheka, ati wanawake husikia hata harufu ambazo bado ziko njiani.

Ulikuwa mchezo tu hadi wajomba zangu walipomnunulia Susu meko. Susu amepita miaka 80 na anaishi peke yake huko Mwala. Moshi wa kuni ulikuwa umemchosha macho na kifua, kwa hivyo sote tuliona wajomba wametenda jambo la maana. Likizo ya Agosti tukaenda kumjulia hali. Kufika mlangoni mwa jikoni, Mama alisimama ghafla. "Fungueni dirisha! Asiwashe mtu kibiriti!" Mimi nilisikia kitu kama kabeji iliyooza. Baba alivuta hewa mara mbili, akasema labda ni takataka za jirani. Susu naye alikuwa ameketi humo humo akichagua muthokoi. Akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Kwani kuna nini?"

Meko haikuwa imefungwa sawasawa.

Lo! Jambo hilo lilininyima usingizi. Niliporudi shuleni nilisoma na kumsumbua mwalimu wa Biolojia. Kumbe ubishi wa wazazi wangu ulikwisha pimwa zamani. Mwaka wa 1984 Richard Doty na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walitangaza matokeo ya kuwapima watu 1,955, wa miaka 5 hadi 99. Kila mmoja alikwaruza karatasi zenye harufu 40 na kuchagua majina yake. Wanawake waliwashinda wanaume katika kila umri. (Baba, pole.) Uwezo ulikuwa juu kabisa kati ya miaka 20 na 50 hivi. Baada ya hapo, mteremko. Zaidi ya nusu ya wenye miaka 65 hadi 80 walikuwa wamepungukiwa vibaya, na waliopita 80, zaidi ya robo tatu.

Angalieni basi: tofauti ya mke na mume ni ndogo, na wako wanaume wenye pua kali kushinda dada zao. Umri ndio unaopiga sana. Kuwa mwanamke hakukumwokoa Susu.

Nina neno moja na karatasi hizo, hata hivyo. Miongoni mwa harufu zake mlikuwa na pizza! Mtu hawezi kutaja harufu ya kitu asichokijua, na ndiyo sababu watoto wadogo nao hushindwa. Wangempa Susu harufu ya kibuyu cha maziwa au ya udongo wa Ukambani mvua inapoanza, ndipo tungejua ukweli.

Sababu ni nini? Juu kabisa ndani ya pua kuna chembe za neva zinazonasa harufu. Hufa na kuzaliwa upya maisha yote, lakini uzeeni kazi hiyo huzorota. Tena hupotea polepole, mwenyewe asijue. Susu amekuwa akilalamika kwamba mboga za siku hizi hazina ladha, akiongeza chumvi. Sisi tulidhani ni maneno ya wazee tu, kumbe sehemu kubwa ya tunachokiita ladha hutoka puani.

La kutisha zaidi ni kwamba gesi yenyewe haina harufu. Uvundo ule hutiwa makusudi ili mtu ashtuke. Kengele ipo, lakini imewekwa puani, na pua ya Susu imelala.

Mjomba mmoja alitaka meko iondolewe. Susu akakataa katakata. "Sirudi kwa moshi. Macho haya mlinipa nyinyi?" Basi mtungi umehamishiwa nje ya ukuta, na mpira unapita tunduni. Chini ya mlango pameachwa nafasi, kwa maana gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutanda sakafuni. Pia tulikubaliana kwamba kijana wa jirani apitie asubuhi na jioni, anuse. Baba alimpendekeza kaka mkubwa wa boma lile. Mama hakujibu kitu, akaenda kumwita dada yake.