Pikipiki Nyingi na Moyo Mmoja

Kila zama na kipando chake. Wazee wetu wa mwambao walijifakharisha kwa punda mweupe wa Maskati, na baada yao mwenye baiskeli ya Raleigh alitazamwa kama mwenye farasi. Leo kipando cha mtu wa kawaida ni pikipiki, na mas-ala niliyoulizwa mara nyingi huku niliko ni haya: Je, Muislamu aliyejaaliwa kuwa na pikipiki tatu, nne au tano, za kupenda wala si za biashara, ana makosa?

Msomaji wa Mombasa, Tanga au Unguja huenda akacheka, akasema mas-ala hayo ni madogo. Waama si madogo. Nimeona nyumba ikikaribia kuvunjika kwa ajili yake, na kwa hivyo nimeona vyema nilieleze jambo hili kwa urefu kidogo.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, lakini umri wangu mwingi wa kusomesha nimeupitisha Makambako, mkoa wa Njombe, katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Kwa asiyepafahamu, Makambako ni njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia inakutana hapo na barabara ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976 ina stesheni yake hapo hapo. Mji wa Njombe uko kiasi cha kilomita 60 kusini yake, juu ya mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Ni nchi ya viazi, mbao, chai na siku hizi parachichi. Mwezi wa Juni na Julai baridi yake humfanya mtu wa pwani akumbuke kwao kwa machozi. Waislamu si wengi, lakini tunakaa kwa wema na majirani zetu, na salamu ya "Kamwene" nimeizoea kama ninavyoizoea "Sabalkheri".

Nchi hiyo ni ya milima na mabonde, na vijiji vimetawanyika. Ndiyo maana pikipiki ikapata heshima. Hapo zamani aliyeonekana juu yake alikuwa bwana shamba, mganga wa zahanati au padri. Mwenye pikipiki alikuwa mtu wa kuja na dawa, mbegu au khabari, na mlio wake ulisikika ng'ambo ya bonde kabla hajaonekana. Watoto walioukimbilia mlio huo ndio watu wazima wa leo, na wengi wao, wakipata fedha, kitu cha kwanza wanachokitafuta ni mlio ule ule.

Mimi mwenyewe ninazo mbili, wala sioni haya kusema kwamba ninazipenda. Moja ni Honda CG 125 nyekundu. Honda walianza kuitoa aina hiyo mwaka 1976, baada ya kuwatuma mafundi wao katika nchi kama zetu kutazama jinsi watu wanavyotumia pikipiki. Wakaona wanapakia mizigo kupita kiasi na kuchelewa kubadilisha oili. Basi wakatengeneza injini nyepesi ya kufungua, vali zake zikisukumwa na vijiti vya chuma badala ya cheni ya ndani inayotaka kuangaliwa kila mara. Injini hiyo ilikuja kuigwa sana na viwanda vya China, na pikipiki nyingi za bodaboda tunazoziona leo ni wajukuu wake kwa nasaba ya chuma.

Ya pili ni Vespa niliyorithi kwa ami yangu. Vespa ilitolewa na kampuni ya Piaggio huko Italia mwaka 1946, baada ya vita, na aliyeichora, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege ambaye hakuzipenda pikipiki za kawaida. Akaificha injini chini ya bati, akaacha nafasi mbele ya kiti ili mtu apande bila kurusha mguu. Yeye alimfikiria Mtaliana na suruali yake, lakini kheri yake imetufikia sisi wenye kanzu. Hata leo ukipita Unguja utamwona mzee anakwenda msikitini juu ya Vespa, kanzu yake nyeupe haina hata tone la oili.

Basi nasema haya ili msomaji ajue kwamba sihukumu jambo nisilolionja. Na uzuri wa vipando si jambo lililokatazwa. Katika Suurat An-Nahl Mwenyezi Mungu ametutajia farasi, nyumbu na punda, akabainisha kwamba wameumbwa tuwapande na wawe pambo, kisha akaashiria kwamba ataumba tusivyovijua. Kabla ya hapo ametaja uzuri wa wanyama wanaporejea jioni na wanapotoka asubuhi kwenda malishoni. Mola wetu amejua kwamba jicho la binadamu lina fungu lake. Atakayekwambia kupenda chombo kizuri ni haramu, muulize ameipata wapi hukumu hiyo.

Na pikipiki za umbo la kizamani zina mvuto wake khasa. Taa ni duara, tangi limeviringana kama tone, injini imekaa wazi unaona kila kiungo, na mlio wake una pumzi. Hata viwanda vimelijua hilo. Royal Enfield ilikuwa ya Uingereza, ikaanza kuundwa Madras, India, mwaka 1955. Kiwanda cha Uingereza kikafa lakini cha India kikaendelea, na mpaka leo kinatoa pikipiki mpya yenye sura ya zile za baada ya vita. Triumph nao waliirejesha Bonneville mwaka 2001, nayo ilizaliwa mwaka 1959. Sura ni ya babu, lakini ndani mna breki na mitambo ya kisasa.

Sasa nije kwenye kisa. Kijana mmoja niliyemsomesha tangu alifu na bee ni mfanyabiashara wa viazi na mbao hapa Makambako. Mungu amemfungulia. Alikuwa na pikipiki tano. Ya kwanza ni Honda kuukuu ya marehemu babake. Ya pili Boxer ya kwendea mashambani. Ya tatu Yamaha DT ya zamani, ile inayochoma oili pamoja na petroli. Ya nne Honda XL aliyoinunua kwenye mnada. Ya tano Royal Enfield mpya ya umbo la kale, iliyopandishwa kutoka Dar es Salaam juu ya lori kama bibi harusi.

Siku moja mkewe alinijia pamoja na shangazi yake, kwa adabu zote. Akasema: "Shikamoo maalim. Mimi sina ugomvi na pikipiki. Nina ugomvi na zamu. Nyumbani kwetu taa ya Yamaha hutangulia, ada ya mtoto hufuata. Bati la jikoni linavuja tangu mvua zilizopita, na tairi la Enfield limekwisha agizwa. Nikisema, naambiwa sijui thamani ya vitu."

Nikamwita mumewe. Alikuja amenuna kidogo, akasema: "Maalim, sinywi pombe, sichezi kamari, sina nyumba ndogo. Nikipenda vyuma vyangu nimekosa nini?"

Neno hilo ni zito, na wanaume wengi hulitumia. Nikamwambia: "Mwanangu, hukukosa kwa kupenda. Lakini kuacha haramu si hati ya kuisahau faradhi." Kisha nikamtajia kwa maana, si kwa lafudhi, hadithi ya Bwana Mtume (s.a.w.) iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, ambamo amewagawa wenye farasi mafungu matatu. Wa kwanza farasi wake ni thawabu, kwa kuwa amemweka kwa ajili ya kheri. Wa pili farasi wake ni sitara, amemweka ili ajitosheleze asiombe watu, wala haisahau haki ya Mwenyezi Mungu iliyo juu yake. Wa tatu farasi wake ni mzigo wa dhambi, amemfuga kwa fakhari na kujionyesha. Mnyama ni yule yule. Kilichotofautiana ni mwenye hatamu.

Nikamwomba achukue daftari, aandike pikipiki zake zote tano, na mbele ya kila moja ajibu mambo matatu: Mara ya mwisho kuipanda ilikuwa lini? Mwaka huu imekula fedha ngapi? Na nani alikuwa akizingojea fedha hizo?

Alirudi baada ya siku tatu, sauti yake imeshuka. Yamaha na XL hazikuwa zimetoka tangu mvua zilipoanza. Na wenye kujua ufundi wanafahamu yanayokipata chombo kisichotembea. Petroli huchacha ikaacha utando ndani ya kabureta, betri hufa, mipira ya tairi hupasuka, na tangi huliwa na kutu kutoka ndani. Anayeziweka pikipiki tano naye anapanda moja hana tano. Ana moja, na nne anazozitazama zikioza. Basi hata kwa hesabu ya dunia huo ni ubadhirifu, tusiseme ya Akhera, ambako mtu ataulizwa juu ya mali yake, ameichuma wapi na ameitumia katika nini.

Kisha nikamtoa nje, nikamwonyesha vijana wa bodaboda waliokuwa wamejikunyata kwa baridi pale njia panda. Wengi wa vijana hao si wenye pikipiki. Kila jioni humpelekea tajiri hesabu yake, iwe abiria walipatikana au hawakupatikana. Aliyebahatika hupewa kwa mkataba, analipa kidogo kidogo mpaka chombo kiwe chake. Nikamwambia: "Hapa mtu anatafuta moja tu ilishe watoto wake, na kwako mbili zinalisha kutu."

Hakunijibu. Lakini walikaa yeye na mkewe, na hilo ndilo nililolitaka, kwani shauri la nyumba ni la wenye nyumba. XL akampa kijana wa jirani kwa mkataba, kwa bei ile ile ya sokoni, bila ya kuongeza hata shilingi kwa sababu ya kungoja. Yamaha na Enfield zikauzwa. Ada ikalipwa, bati likabadilishwa. Na lililonifurahisha zaidi ni hili: yeye alitaka kuiuza ile Honda ya babake ili abaki na Enfield, mkewe ndiye aliyemzuia. Akamwambia: "Hiyo mpya imevaa uzee wa watu wengine. Hii ya baba imezeeka pamoja na sisi." Mwanamke huyo aliyeambiwa hajui thamani ya vitu ndiye aliyeijua.

Ndugu msomaji, katika kisa hiki yamo mambo manne ya kushika.

Kwanza, haki hutangulia pambo. Chakula, nguo, nyumba, elimu ya watoto na deni la watu ni wajibu. Pikipiki ya kupenda ni mubaha. Na mubaha ukisukuma wajibu pembeni hauwi mubaha tena.

Pili, mtu aijue hukumu ya zaka. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kipando cha kutumia mwenyewe hakina zaka, hata kama ni vingi. Lakini anayenunua ili auze, hiyo ni bidhaa, na kila mwaka ataikadiria thamani yake na kutoa robo ya ushuri ikifikia kiwango. Anayekodisha atazitazama fedha alizozipata, zikifika kiwango na kupitiwa na mwaka. Usiseme "za kupenda" mwaka mzima, kisha mteja akija ukasema "za kuuza".

Tatu, mtu asiuchanganye uzee wa sura na uzee wa kitu. Chombo cha zamani humfunza mwenyewe subira: kukipiga kiki asubuhi ya baridi, kusafisha plagi, kungoja injini ipate moto. Chombo kipya chenye sura ya kale ni kizuri, na mwenye uwezo aliyetimiza haki za watu haimdhuru kukinunua. Lakini ajue kwamba amenunua sura. Subira na kumbukumbu haziuzwi dukani.

Nne, anayependa chombo akipende na roho yake pia. Barabara ya Njombe ina ukungu mzito na kona nyingi. Kofia ngumu ni ya dereva na ya abiria wake, na bima ni ya kila chombo kinachotoka barabarani. Kuringia pikipiki ya thamani kwa kichwa kitupu ni kuthamini chuma kuliko kiumbe.

Idadi peke yake haitoi jibu la mas-ala haya. Yuko mwenye moja iliyomteka moyo, na yuko mwenye tano ambazo kila moja ina kazi, haki yake imetolewa, na jirani akiugua usiku huazimwa bila ya kununiwa. Kila mmoja wetu na achukue daftari lake ayajibu yale maswali matatu, awe wa pikipiki, wa dhahabu, wa kanga au wa vitabu.

Mwenyezi Mungu atujaalie mali zetu ziwe mikononi mwetu, wala zisiingie mioyoni mwetu zikakaa mahali pasipo pake. Amin.