Kabla Hujaingia Pangoni

Tanga

Mpwa wangu Hamadi,

Bibi yako hakukucha hajakuulizia. Mama yako amenidokeza kwamba likizo hii wewe na wenzako mnataka kuingia mapango ya Amboni, tena si lile la wageni bali yale yasiyofunguliwa. Kaniomba nikukataze. Sikukatazi, nakujua, ungekwenda kwa kujificha, na hapo ndipo pana hatari.

Anzeni na lile la wageni. Lipeni kiingilio, mfuateni mwongozaji, na mkifika ndani mwombeni mzime tochi zote kwa dakika moja. Giza lile si la usiku. Utaweka mkono mbele ya pua usiuone. Utasikia tone la maji, kimya, kisha tone jingine. Kila tone huacha chembe ya chokaa, na ndivyo yalivyoumbika mawe yale yanayoning'inia. Mengi hayakui hata milimita moja kwa mwaka. Basi usiyashike, maana mafuta ya kidole huganda juu ya jiwe na kulizuia lisikue. Ukivunja kipande cha urefu wa kidole, umeharibu kazi ya karne nzima au zaidi. Na mkikuta marashi na ubani mzimuni, piteni kwa adabu. Pale watu huja na shida zao.

Wazee watakwambia pango linatokea Mombasa, wengine Kilimanjaro. Hadithi tamu, hata mimi naipenda. Lakini waliopima mwaka 1994 walikuta pango refu kuliko yote lina mita 900 hivi. Kwa mtu anayetambaa gizani, hizo ni nyingi mno.

Kwa hayo mapango yasiyofunguliwa, ogopeni maji kwanza. Juni 2018, kule Thailand, vijana 12 wa timu ya mpira na kocha wao waliingia pango la Tham Luang, mvua ikanyesha, maji yakawafungia njia. Zilipita zaidi ya wiki mbili kabla wote hawajatolewa, na mzamiaji mmoja, Saman Kunan, alifia humo. Mto Sigi unaopita Amboni unatoka milima ya Usambara. Mvua yaweza kupiga Amani, huko milimani, na mjini Tanga jua likawaka. Masika msiingie kabisa.

Kisha popo. Msiwaguse, na vaeni barakoa, kwani vumbi la kinyesi chao laweza kubeba kuvu anayeshambulia mapafu. Wageni wawili wa pango la Kitum, Mlima Elgon, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, walikufa kwa Marburg, ugonjwa unaobebwa na popo, baada ya kulitembelea. Na mkianza kuhema ovyo au kichwa kugonga, hewa imechafuka; geukeni hapo hapo, asibishe mtu.

Msipungue wanne: mmoja akiumia, mmoja abaki naye, wawili wafuate msaada. Kila mtu awe na tochi tatu. Ombeni ruhusa kwa wasimamizi, na mchukue mwenyeji wa Kiomoni anayeyajua mapango.

Niandikie siku mtakayokuja na saa mtakayotoka. Kofia ngumu ninazo mbili, zilizobaki tafuteni wenyewe. Saa hiyo ikipita kwa nusu saa hamjatokea, nakuja na watu.

Mjomba wako