Ubongo Ndani ya Sikio

Nilianza kazi ya patholojia Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1990. Wagonjwa wengi hawajui kama tupo. Wao humjua daktari aliyewapasua. Sisi hupokea kilichotolewa, kikiwa ndani ya fomalini, tukakigandisha kwenye nta, tukakikata vipande vyembamba, tukavitia rangi na kuvisoma kwa hadubini.

Sampuli za sikio zilikuwa nyingi. Usaha wa sikio ni ugonjwa wa watoto wengi huku kwetu, na wapo wanaozeeka nao. Chupa iliyoandikwa "nyama ya sikio" nilikuwa naifungua nikitarajia mambo mawili: kinyama kilichoota kwa uvimbe wa muda mrefu, au kolesteatoma, ile ngozi inayojikusanya ndani ya sikio na kula mifupa.

Kisha kikaja kipande cha mama mmoja wa makamo. Kilikuwa laini, cha kijivu. Kwenye hadubini niliona nyuzi nyepesi za rangi ya waridi, seli za glia zinazozitegemeza neva, na hapa na pale seli za neva zenyewe. Nilimwita mwalimu wangu. Alitazama, akauliza, "Daktari, fomu inasemaje?" Haikuwa na zaidi ya jina, umri na neno "sikio".

"Huu ni ubongo," akasema. "Umefikaje huko, hadubini haikuambii. Mtafute aliyempasua."

Maneno hayo yaliniongoza miaka yote iliyofuata. Sikio la kati, lenye vile vifupa vitatu vya kusikia, limetenganishwa na ubongo kwa paa la mfupa mwembamba sana. Paa hilo likitoboka, ubongo na utando wake huweza kushuka taratibu hadi sikioni. Hutobolewa na kolesteatoma, usaha wa miaka mingi, ajali ya kichwa au upasuaji wa zamani; wengine huzaliwa na tundu. Mara chache sana, tishu ya ubongo hukutwa sikioni ikiwa imejitenga kabisa, bila njia yoyote ya kuiunganisha na ubongo wenyewe.

Kwenye slaidi, hali hizo mbili zaweza kufanana kabisa. Baadaye tulipata kipimo cha GFAP, protini ya seli za glia, kikaturahisishia kuitambua tishu. Hata hicho hakionyeshi njia iliyopitia. Njia huonekana kwa CT, inayoonyesha mfupa uliotoboka, na MRI, inayoonyesha kama kilichomo sikioni kimeungana na ubongo.

Yule mama alikuwa amewahi kupasuliwa mfupa wa nyuma ya sikio akiwa msichana. Sikio lilikuwa likitoa maji maangavu, akaendelea kupewa dawa ya matone. Kumbe yalikuwa maji ya ubongo. CT ilionyesha tundu. Madaktari waliondoa ile tishu iliyoshuka, kwa kuwa haikuwa na kazi tena, wakaziba paa kwa gegedu na utando wa msuli wa panja. Tundu kama hilo likiachwa, vijidudu vya sikioni hupata njia ya kwenda kwenye ubongo, na homa ya uti wa mgongo huua.

Tangu hapo sikutoa jibu la sampuli ya sikio ambayo fomu yake ni tupu kabla ya kumpigia simu daktari husika. Wapo waliochukizwa. Sikuacha.

Kwa vijana wa fani hii nasema: andikeni historia ya mgonjwa, na nyama inayotiliwa shaka sikioni isikatwe kabla ya picha. Kwa wazazi: usaha wa sikio si jambo la kuzoea, mpelekeni mtoto atibiwe. Na yeyote ambaye sikio lake linatoa majimaji maangavu kama maji ya kunywa, hasa baada ya kuumia kichwa au kupasuliwa, aende hospitali siku hiyo hiyo.